Sura ya Sita: Komeo Lililogandishwa na Rangi

Mlango wa mbele ulikuwa na makomeo mawili, na Koleo aliyatazama yote mawili kabla hajavua miwani ya jua. La nje lilikuwa la kutia kufuli, chuma chake kimelika na kung'aa pale kufuli lilipokuwa likisugua miaka nenda miaka rudi. La ndani lilikuwa jeupe, sawasawa na mlango wenyewe. Aliyepaka rangi hakujisumbua kuliruka. Alipitisha brashi juu ya chuma, juu ya skrubu, juu ya kitundu cha ukutani, na rangi ikakauka ikaviunganisha vyote vikawa kitu kimoja.

Alilisukuma kwa kidole gumba. Halikutikisika.

"Nikuletee nyundo?" aliuliza mfamasia aliyeinunua nyumba. Mafundi wake walikuwa wameketi barazani wakingoja ruhusa ya kubomoa ukuta wa sebule ili pawe duka la dawa.

"Ukiligusa leo nitakushtaki," Koleo akasema, akatoa simu na kupiga picha.

Huyu Koleo alikuwa mpelelezi wa idara ya kodi. Jina alipewa na wenzake kwa sababu alichokibana hakikuchomoka, na kwa kuwa lilimfikia akalipenda, hakuna aliyehangaika kumtafutia jingine. Alikuja na jalada jepesi na jambo jepesi kulieleza. Ukiuza nyumba kwa bei kubwa kuliko uliyoinunulia, serikali hudai sehemu ya faida. Lakini nyumba uliyokuwa ukiishi mwenyewe, miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza, hiyo haiguswi. Mwenye nyumba hii alikuwa mjane, fundi wa nguo, mtaa mzima ukimwita Mama Cherehani. Aliyeiuza kwa niaba yake ni mwanawe wa kwanza, fundi vioo, ambaye alikuwa na hati halali ya kumwakilisha. Huyo ndiye aliyeomba msamaha wa kodi, akieleza kwamba mama aliishi humo mpaka siku ya mauzo. Ikiwa kweli, mama angebaki na hela yake yote. Ikiwa uongo, karibu theluthi ya faida ingekwenda serikalini, na faini juu yake.

"Kijana mwenyewe mtu mzuri," mfamasia akasema. "Hakunisumbua bei. Aliniambia hela ni ya kumjengea mama yake chumba."

"Wote huwa wanamjengea mama chumba," Koleo akajibu. "Kama wangejenga kweli, fundi mwashi angekuwa tajiri kuliko mimi na wewe."

Akaingia ndani. Chini ya dirisha la sebule palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani, na mbele yake saruji imelika kidogo pale mtu alipokuwa akiegesha kisigino. Hapo mtu alifanya kazi maisha yake yote, hilo halikuhitaji shahidi. Swali lilikuwa aliacha lini. Koleo akapita chumba hadi chumba akitazama swichi. Za chumbani, jikoni na bafuni zilikuwa safi, zina ukungu wa vumbi tu. Swichi ya taa ya dirishani peke yake ndiyo iliyokuwa na weusi wa vidole. Aligusa balbu yake. Ilikuwa mpya.

Nyumba nzima isiyoshikwa, na swichi moja iliyoshikwa kila siku. Koleo alitabasamu, na tabasamu hilo wenzake kazini walilijua.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi. Alikuwa akimnyoa mteja aliyesinzia, na hakuona sababu ya kuacha kwa ajili ya maswali.

"Rangi ile ilipakwa lini?"

"Mwaka ule ule niliofungua hapa. Wa nne sasa. Alipaka mwenyewe yule fundi vioo, siku nzima juu ya ngazi anaimba. Sauti hana, lakini aliimba."

"Na mama yake alikuwa wapi?"

"Ndani. Alikuwa anaumwa, hapokei wageni. Ndivyo alivyotuambia mwanawe."

"Wewe ulimwona?"

"Taa niliiona kila jioni."

"Nimekuuliza mama, sijakuuliza taa."

"Dada yangu, taa ikiwaka jioni na asubuhi ikazimwa, si kuna mtu ndani?"

"Nani alikuwa akiiwasha?"

Kinyozi aliinua mkono kutoka kichwani mwa mteja. Mashine ikabaki ikilia hewani. "Yule kijana hupita jioni akitoka kazini," akasema polepole. "Anaingia, anakaa kidogo, anatoka."

"Anafunga kwa kufuli?"

"Kwa kufuli, ndiyo."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi hupita tena." Akaizima mashine. "Lo! Kwa hiyo miaka yote hii mimi nilikuwa nikiisalimia balbu?"

Mteja aliyesinzia akaamka akicheka. Koleo hakucheka. Alikuwa tayari anajenga kesi. Mtu anayelala ndani hujifungia kwa ndani, na komeo la ndani halikuwa limesogezwa tangu lipakwe rangi. Kwa miaka minne hakuna aliyelala katika nyumba ile. Na mtu aliyeweza kuwasha taa miaka minne, jioni baada ya jioni, ili majirani waje waape kwamba mama yupo, huyo hakuteleza ulimi kwa bahati mbaya. Huyo alipanga.

Neno *anaumwa* alilisikia. Hata aliliandika. Lakini katika kazi yake ugonjwa ulikuwa kisingizio cha kila mdaiwa, kuanzia mwenye mabasi hadi mwenye genge la nyanya, akalipita kama mtu anavyopita jiwe njiani.

*

Kesho yake asubuhi fundi vioo aliitwa ofisini. Alikuwa mtu mzima wa mabega mapana, mikono imejaa makovu membamba ya kazi yake, na alikalia ncha ya kiti kama mgeni wa posa. Pembeni aliketi karani wa kushuhudia, kwa mujibu wa kanuni.

Mkuu wa kitengo alikuwa na usemi wake aliowafundisha wapelelezi wote: usimwonyeshe mtu mlango wa kutokea kabla hajamaliza kusema. Koleo alikuwa mwanafunzi wake bora.

"Mama yako aliishi wapi miaka mitatu kabla ya mauzo?"

"Nyumbani kwake."

"Hakulala kwingine hata usiku mmoja?"

"Hata mmoja." Alijibu upesi mno, kama mtoto aliyekariri.

"Nani alikuambia kuhusu usiku mmoja?"

"Nani... hakuna. Dalali alisema mtauliza."

"Usiku alikuwa anafungaje mlango?"

"Kwa komeo, afisa. Kama watu wote."

"La ndani?"

"Sasa mtu aliye ndani atajifungia kwa nje?"

Karani alikohoa ili asicheke. Koleo akageuza karatasi, akasoma yale yaliyopaswa kusomwa, kwa sauti ile ile aliyoyasomea mamia ya watu. "Maelezo haya ukishayatia sahihi hayabadiliki. Kabla ya sahihi unaweza kurekebisha lolote, bila faini wala lawama. Kuna unalotaka kurekebisha?"

Fundi vioo aliitazama kalamu. Alipangusa viganja kwenye suruali.

"Afisa, naomba niulize kitu."

"Uliza."

"Mwenye nyumba akiwa hayupo... sisemi mama, nasema mtu tu. Akiwa amelazimika kukaa mahali pengine kwa muda. Hiyo mnaihesabuje?"

Koleo alilijua jibu. Lilikuwa aya fupi katika sheria, alikwisha kuitumia mwenyewe mara nyingi. Alikuwa pia anazijua mbinu za watu wanaonusa njia ya kutokea, na picha ya komeo ilikuwa kwenye simu yake ikimsubiri.

"Hapa anayeuliza ni mimi," akasema.

Fundi vioo akatia sahihi. Karani akagonga muhuri na kubeba karatasi kwenda ghorofani kwa mkuu. Hapo ndipo Koleo alipoisukuma simu mezani.

Yule mtu aliivuta simu karibu, akaitazama picha. "Nilipaka mimi," akasema. "Nilikuwa na haraka."

"Mama yako yuko wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu rangi." Akainua uso, na macho yalikuwa yamelowa. "Mimi ndiye kifungua mimba. Mama aondoke kwake akalelewe na mkwe wake, nami nipo hai nina mikono miwili? Ningeuweka wapi uso wangu? Nikawaambia watu yupo. Basi. Nikishasema yupo, ikabidi awepo."

Koleo hakumwuliza zaidi. Kesi ilikuwa imefungwa vizuri, bila mwanya. Kilichobaki ni kumwona mwenye nyumba kwa macho, kwa kuwa kanuni ilidai hivyo.

*

Binti wa Mama Cherehani alikuwa mwalimu wa chekechea, na nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Ubavuni mwake palikuwa panainuliwa chumba cha tatu. Kuta zilikuwa zimefika kimo cha dirisha. Fundi mwashi aliketi juu ya rundo la matofali akila karanga.

Koleo, kwa mazoea, aliupima mlango kwa macho. Nafasi iliyoachwa ilikuwa pana kuliko mlango wa kawaida, na mbele yake hapakuwa na ngazi, ila mteremko laini wa zege.

"Mlango mpana hivi wa nini?" akauliza. "Mnaingiza gari?"

"Kiti cha magurudumu, mama," fundi akasema. "Bibi hawezi kutembea. Tunangoja saruji tu, tumalize kabla ya mvua."

Koleo alisimama pale akisahau kuaga. Chumba cha mama kilikuwa kinajengwa kweli.

Ndani, kitanda kilikuwa sebuleni, kati ya kochi na meza ya chakula, hivi kwamba aliyetaka kwenda jikoni ilibidi apite ubavu ubavu. Mama Cherehani alikuwa amelala. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, umetulia kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Wa kushoto hata usingizini ulikuwa ukishika pindo la shuka, ukilikunja na kulinyoosha.

"Kiharusi," binti akasema kwa sauti ya chini, akimwekea mgeni kiti. "Mwaka wa nne huu. Kilimkuta papo hapo kwenye cherehani. Hospitali walituambia asikae peke yake, na mazoezi ya viungo ni hapa mtaani kwetu. Mume wangu ndiye aliyesema mleteni. Kaka ana chumba kimoja cha kupanga, juu ghorofani, angempandishaje? Anaona aibu mpaka leo. Akaenda akaipaka nyumba rangi, anasema mama akirudi aikute inang'aa. Alifikiri ni mwezi mmoja."

"Alikuwa anaimba," Koleo akasema.

"Nani kakuambia?"

"Kinyozi. Nyumba mliipangisha?"

"Watu walitaka sana. Kaka aligoma. Alisema, mama akipata nafuu atalala wapi, barazani? Miaka minne imekaa tupu. Mwaka huu daktari akatuambia tusitegemee tena. Ndipo tukauza, tumjengee hapa." Akamtazama mgeni wake. "Kwani kuna tatizo?"

Koleo alikuwa ameliweka jalada magotini na mikono juu yake. Alitafuta namna nzuri ya kulisema, akaikosa.

"Mwenye nyumba akiugua," akasema, "akaenda kuuguzwa mahali pengine, na nyumba yake isipangishwe, sheria inamhesabu kwamba bado anaishi kwake. Siku zote hizo. Hata iwe miaka minne."

Binti alikunja uso kama anayesikiliza lugha ya mbali. "Kwa hiyo kaka angesema kweli..."

"Asingelipa hata senti."

"Lakini dalali alimwambia mama akilala nje usiku mmoja tu, msamaha umekwenda!"

"Dalali hakuisoma sheria."

"Basi mwite! Mwite arekebishe. Mimi nitakuja, daktari atakuja."

"Angeweza kurekebisha. Mpaka leo asubuhi, kabla ya kutia sahihi. Sasa ametia, na uongo wenye sahihi unaondoa msamaha wote, hata kama mtu alikuwa na haki nao."

"Leo asubuhi alikuwa na nani?"

"Na mimi."

"Hakuuliza?" Binti alikuwa amesimama. "Kaka yangu mwoga wa ofisi, lakini si mjinga. Hakuuliza kitu?"

"Aliuliza," Koleo akasema. "Nilimjibu kwamba anayeuliza ni mimi."

Iliuma kulisema, na alitaka iume. Alikuwa amekamata wezi wengi katika maisha yake, wenye maghala na majumba, na hakuna hata mmoja aliyemkamata kwa usafi kama alivyomkamata mtu huyu asiye na kosa. Lile neno aliliandika kwa mkono wake, *anaumwa*, na lilikuwa pale ndani ya jalada, chini ya viganja vyake. Lingemgharimu swali moja.

"Nitamwandikia mkuu," akasema. "Nitaeleza yote, pamoja na yangu."

"Itasaidia?"

Angeweza kusema ndiyo. "Faini huenda wakaipunguza. Kodi itabaki."

Binti alipita ubavu ubavu kando ya kitanda, akaenda mlangoni, akamwita fundi mwashi.

"Fundi, saruji usiagize kwanza."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Usiagize tu, fundi. Tutaitana."

Walisikia beleshi na karai vikikusanywa. Binti alirudi akaketi kwenye kochi, mikono mapajani. "Mficha uchi hazai," akasema. "Nilimwambia kaka maneno hayo mwaka ule ule. Halafu nikamsaidia kuficha. Majirani wa kule wakinipigia simu, nasema mama amelala."

Koleo alipaswa kuondoka, lakini kanuni ilidai amwone mwenye nyumba akiwa macho, na safari hii aliishika kanuni kwa sababu hakujua ashike nini kingine. Wakanywa chai iliyokuwa imepoa. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya kuta zile fupi wakati fundi vioo alipoingia, akavua viatu mlangoni, akamwona mpelelezi na kusimama na kiatu kimoja mkononi.

Dada yake alimtazama, akatikisa kichwa taratibu. Yaliyobaki angeyasikia baadaye.

Labda ni sauti ya kiatu kuanguka. Mama Cherehani akafumbua macho. Alimtafuta mwanawe, akampata, na mdomo ukaanza kazi yake ngumu ya kutengeneza neno.

"Ume... washa?"

"Asubuhi anajua imeuzwa," binti akamnong'oneza Koleo. "Jioni anasahau. Hapendi nyumba yake iwe giza. Kila siku kaka alikwenda kule kwanza, ndipo aje hapa amwambie."

Fundi vioo alipiga magoti kando ya kitanda. Hakumtazama mpelelezi. "Nimewasha, mama."

Lakini leo palikuwa na mgeni, na mama alikuwa mtu wa kuhakikisha, mtu aliyepima mara mbili kabla ya kukata. Macho yake yakahama polepole yakamfikia Koleo.

"Shikamoo, mama," Koleo akasema.

"Mara... haba. Umepita... kule?"

"Nimepita, mama."

"Ume... iona?"

Fundi vioo aliinamisha kichwa. Koleo aliikumbuka swichi yenye weusi wa vidole, na balbu mpya ambayo kufikia saa hiyo mafundi wa mfamasia walikuwa wameshaitupa nje pamoja na ukuta. Jalada bado lilikuwa magotini.

"Nimeiona, mama," akasema. "Inawaka."

Mama Cherehani alilitafuta tena lile pindo la shuka kwa mkono wake mzima, akalikunja vizuri, akalinyoosha.

"Basi," akasema. "Tulale."